Debe Nililolikataa

Jumapili, Aprili 1968

Mvua imenyesha tangu mchana, nami nina furaha hadi naona haya kuiandika. Hii ni wiki ya sita tangu Nyakundi anioe. Akikohoa tu huko nje, moyo wangu unaruka.

Leo alinipa kazi. Yeye ni katibu wa kamati ya josho la ng'ombe, lile ambalo wafadhili wa ng'ambo watatujengea karibu na Ikonge. Aliniomba ninakili mpango wao kwa sababu, anasema, hajaona mwandiko mzuri kama wangu.

Mwongo mtamu!

Niliandika kwa madaha mpaka nikafika kwenye mstari huu: madebe ya dawa ya kupe yakiisha dawa, yatagawiwa nyumba zote.

"La kwanza ni lako," Nyakundi akaninong'oneza. "Utatekea maji. Wenzako watakuonea wivu."

Nusura nimrukie shingoni.

Hapo binti mdogo wa shemeji akaingia mbio, akachota maji mtungini, akanywa, akatoka. Hakuuliza kitu. Mtoto mwenye kiu haulizi maji yalikaa wapi.

Kalamu yangu ikasimama.

Nilimwambia Nyakundi kwamba dawa ile ni sumu.

"Nitalisugua kwa mchanga na majivu," akasema.

"Wewe utasugua. Na nyumba nyingine?"

Akakubali kwamba mstari ule ufutwe.

Tatizo ni kwamba mwenyekiti ni baba mkwe, naye ameshawaahidi watu madebe. Mimi bibi arusi siwezi kumpinga. Kwetu hata kumtazama usoni ni kumkosea heshima. Kwa hiyo Nyakundi alivuka ua peke yake, mvuani. Nilibaki mlangoni, masikio wazi.

"Hayo maneno ni yako au ya huyo msomi wako?" baba mkwe akauliza.

Niliogopa. Nyakundi angeweza kunisukumia lawama mimi, yaishe.

"Ni yetu sisi wawili, Baba."

Nikasikia mzee akicheka kidogo. "Basi mwambie aandike vizuri. Watu nitawaeleza mwenyewe kwamba nilikosea."

Yetu sisi wawili! Nimeyarudia maneno hayo nikipika, nikifagia, nikikoka moto.

Nimefuta ule mstari. Sasa mpango unasema kila debe litatobolewa na kuzikwa, na josho litazungushiwa ua ambao mtoto hawezi kuupenya.

Kesho asubuhi nitakwenda kisimani na mtungi wangu wa zamani, ule uliomeguka mdomoni, na nitaringa njia nzima.