Siku za Kungoja Mguu Unywee

Jumatatu, 4 Julai
Nimechota maji, nimekoka moto jikoni kwa wauguzaji, uji umeiva kabla ya wenzangu. Baridi ya Litembo haina adabu. Baba Festo kanywa kikombe kizima. Mguu bado. Mume wangu huyu alijikata na panga huko kwetu Mkumbi akitengeneza kichanja cha kuanikia kahawa, akaficha kidonda mpaka mguu ukawa kama mgomba. Sasa umefungwa kamba, unaning'inia juu ya kitanda. Daktari kasema usishushwe, hata wakati wa kula. Uvimbe usipopungua, watakata. Kasema hivyo hivyo mbele ya mgonjwa.
Mimi nikacheka. Woga tu.

Jumanne, 5 Julai
Kwenye kitanda cha jirani yupo Mwalimu mstaafu, ana pumu. Raha yake ni kututafsiria Kiingereza cha madaktari. Leo wamesema "sabsaidi". Mwalimu kasema hilo ni la uvimbe ukipungua, na la maji ya mafuriko yakishuka taratibu. Upepo mkali ukipungua ni "abeti". Maumivu yana lake, sauti ina lake. Nikamwuliza Wazungu wana shida gani, si kupungua tu? Kasema hata sisi tunayo, nihesabu mwenyewe nione.
Nikayapeleka jikoni. Kweli bwana. Homa hushuka. Mvua hukatika. Hasira hupoa. Uvimbe hunywea. Mama Anjela wa Lipingo, anauguza mtoto wake, kasema kwao ziwani upepo hulala. Mwingine kadakia, hawa wanunuzi wapya wa kahawa wanaokuja na pikapu, wakisikia una mgonjwa nyumbani bei yao nayo hunywea. Tumecheka mpaka Sista wa wodi katoka kututazama.
Mchana mama yangu kaja na togwa, kama jana. Nyumbani kwake si mbali na hospitali. Nikamwachia kiti akae na mkwe wake, nikarudi jikoni kumalizia habari.

Jumatano, 6 Julai
Asubuhi mguu umepungua! Ngozi imelegea pale kwenye kifundo, nimeiona mimi mwenyewe. Jioni umejaa tena, unang'aa. Sielewi.
Nawashuku mashemeji. Wamekuja kutoka Mkumbi na kila mmoja kaubonyeza kwa kidole gumba aone kama unabonyea. Hata yule aliyekuja kuazima baiskeli kabonyeza. Nimewafukuza kwa utani, lakini nilimaanisha.

Alhamisi, 7 Julai
Sabasaba. Mashemeji hawakuja. Mama kaja, kakaa mpaka jua likaelekea milimani. Jioni mguu umejaa vilevile. Basi si vidole.
Daktari kasimama pale kitandani, kasema maneno marefu. "No" niliisikia, hiyo sihitaji mtu wa kunitafsiria. Mwalimu hakutafsiri. Kageukia ukutani. Nikamsumbua mpaka kasema: haupungui, Jumamosi wataamua.
Jikoni sikuongea. Wenzangu wakadhani naumwa jino.

Ijumaa, 8 Julai
Leo sikuwa na hamu ya umbea. Nikarudi wodini mapema, mama akiwa bado yupo.
Nimekuta nini? Baba Festo kakaa kitako ukingoni mwa kitanda. Miguu yote miwili sakafuni. Kavaa lile koti lake la mtumba, kafunga vifungo mpaka shingoni, blanketi magotini, jasho linamtoka. Mama kwenye kiti, anatazama mlango. Wote wawili wamekaa kwa heshima, wanateseka.
Kumbe kila mchana! Mama akitokea tu kule mlangoni, huyu bwana anafungua kamba. Na mama, kuona mkwe kamkalia vizuri hivyo, anaona haya kuondoka haraka. Mwalimu alikuwa anaona yote. Kasema mambo ya wakwe hayaingilii. Na mimi niko jikoni, nachambua nyumba za watu.
Mama alipotoka nje kidogo nikambana mume wangu. Kasema polepole, "Mkwe wangu anione miguu juu kama mbuzi anayechunwa? Bora wakate."
Nimekasirika sana. Nimemrudishia kamba nikaifunga kwa hasira mpaka kaguna. Kisha nikamweleza Sista.
Mama nimemsindikiza, nikamwambia njiani. Mdomo wangu wote huu, maneno yalikuwa yananikwama. Kumwambia mzazi usije kumwona mgonjwa ni kama kumfungia mlango. Tukafika kwenye kijito. Kasema tu, nimesikia. Sijui kama kaumia.

Jumamosi, 9 Julai
Sista alishamweleza daktari. Daktari kamtazama Baba Festo, katikisa kichwa, kasogeza uamuzi hadi Jumatatu.
Mchana mama hakutokea. Moyo ukaniuma. Mara nasikia ndoo inaburutwa nje. Nikachungulia dirishani. Yupo chini ya dirisha, kageuza ndoo kaikalia, mgongo ukutani.
"Baba," kasema, "inua mguu. Mimi nipo huku, naangalia mlima."
Baba Festo kamwamkia kutoka kitandani. Wameongea kupitia dirishani mpaka kivuli kikamfikia mama miguuni. Kahawa, mbolea, nani kauza kwa nani. Toka anioe sijawahi kuwasikia wakiongea hivyo. Nimekaa katikati sikupata hata nafasi ya kuchomekea neno.

Jumapili, 10 Julai
Jioni uko kama asubuhi. Haujarudi.
Nimeutazama kila nikipita. Sikuubonyeza. Nilitamani.

Jumatatu, 11 Julai
Daktari kasema lile neno la uvimbe, na mbele yake hapakuwa na "no". Hawakati. Mwalimu katafsiri kwa sauti ya kanisani, wodi nzima ikasikia.
Nimekimbilia jikoni, nimelia kwa furaha. Mama Anjela kanipa usipa, dagaa wa kwao ziwani, akidhani ni njaa.

Alhamisi, 21 Julai
Tumeruhusiwa. Asubuhi ya ukungu. Kiatu kimeingia, kinabana kidogo tu. Nimemfunga kamba mimi, polepole.
Tunapita kwanza kwa mama tunywe chai. Baba Festo anachechemea vibaya, hapendi kuonekana. Mama, aliyekuja kutuchukua, kalitambua hilo kabla sijasema. Katangulia mbele, mbali kidogo, anakwenda taratibu. Njia nzima hajageuka nyuma.