Mama, Dada Zako Wamesemezana

Mama yangu Nadia,

Jana tumekusomea khitma hapa Matondoni. Alhamdulillahi, Baba ameanza kula. Majirani bado wanakuita Bi Mrusi, nami nimechoka, kama ulivyochoka wewe, kuwaeleza kwamba ulizaliwa Odesa, na kwamba zamani hizo Odesa na Moscow zote zilikuwa Muungano wa Kisovieti, nchi moja.

Naikumbuka siku nchi hiyo ilipovunjika. Nilikuwa mdogo, nimekaa nawe jikoni. Baba akaingia na redio mkononi, akasema taratibu, "Nadia, nti yenu haiko tena." Ukamwuliza, "Imekwenda wapi?" Ukarudi kukuna nazi. Nazi ilikuwa imekwisha, Mama. Ulikuwa unakuna kifuu.

Dada zako walibaki huko: Vera, mkubwa wenu, Odesa, na Lyuba, kitinda mimba, aliyeolewa Moscow. Nchi iligawanyika, wao wakabaki ndugu. Vita vilipoingia kati ya nchi zao ndipo walipoacha kusemezana. Ukawa unampigia huyu, ukampa salamu za yule. "Lyuba anakuulizia mguu wako," ulimwambia Vera. Nami nilikuwa hapo. Lyuba hakuuliza kitu.

Ulipotutoka, niliwapa habari kila mmoja peke yake. Wote walilia. Wote wakaniuliza swali moja: mwenzangu amejua?

Basi jana, baada ya dua, niliwaunganisha kwenye simu moja bila kuwaambia. Kwa Kirusi changu kibovu nikasema, "Mama mkubwa, mama mdogo, nyote mpo." Nikasikia pumzi zao tu. Baba akanishika mkono. Nikajua mmoja atakata.

Kisha Vera akasema, "Lyuba, kwenu kuna baridi?"

"Ipo. Kwenu je?"

"Ipo. Umeme hakuna."

Lyuba akaanza kulia. Vera akamwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia.

Hawakupatana, Mama, sitakudanganya. Vita hawakuvitaja. Lakini hakuna aliyekata, mpaka simu yangu ilipoishiwa na chaji.

Lala salama, Mama. Mola akukunjulie kaburi lako. Salamu za kubuni sitaziweza, sina ulimi wako. Ila kila Ijumaa nitawaunganisha, nami nitanyamaza, hata kama watasikilizana pumzi tu.

Mwanao,
Zuhura