Uzi wa Shingo ya Baba

Chapwa, Tunduma
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Atupele,

Habari za Ibaba na baridi yake? Huku tupo, na vumbi letu la malori. Mashine ya kufuma nimeibadilishia sindano zilizopinda, sasa inakwenda vizuri.

Uzi uliompimia baba nimeupata, fundo la kwanza shingo, la pili kwapa. Sweta lake lisilo na mikono limekaribia kuisha. Kanda za kwapani safari hii zimelala, maana nimeokota vitanzi kwa nafasi sawa. Lile la mwaka jana nilivibana, akalalamika hadi Pasaka.

Nilipofika shingoni nikaulaza uzi wako juu ya ule wa mwaka jana. Fundo la shingo limerudi nyuma, nikadhani umekosea. Nikapima kwapa, nako kumepungua. Atupele, wewe hukosei mara mbili. Kwenye simu unaniambia mzee hajambo, anakula, yuko shambani. Najua ni yeye aliyekukataza kuniambia, kwa hiyo sikugombezi.

Ukanda wa shingo nimeufuma kwa kipimo kipya. Kwenye mashine unafumwa bega moja likiwa wazi, ndipo bega hilo linashonwa mwisho. Sikulishona. Alhamisi napanda gari la Ileje kuja huko, nina sindano na uzi kwenye mkoba.

Usimvalishe lile koti kubwa ili nisione. Mkalishe juani tu, nitalishona bega la sweta akiwa amelivaa.

Dada yako,
Tupokigwe