Mstari Mwekundu Chini ya Mnara wa Kanali Muhidini

Hukupata sanda, mwanetu, wala maji ya kuoshwa. Hukupata mwanandani, wala bega la jirani chini ya jeneza, wala udongo wa Handeni ambao kila mmoja wetu angekutupia kwa mkono wake. Ijumaa hii mwaka unatimia tangu bahari ikuchukue, Kanali Muhidini Awadhi Mhina, na hata kiatu chako hakijarudi.

Sajenti Deogratius, aliyekuwa nawe chomboni, alikuja mwenyewe kutueleza. Chomboni mlikuwa askari kumi na wanane. Chombo kilipoanza kuzama ukawahesabu ndani ya boti ya uokoaji, ukakosa mmoja, ukarudi kumtafuta. Yule askari alitokea mlango mwingine. Wewe hukutokea.

Ndivyo ulivyokuwa. Hata likizoni ulihesabu vichwa kwenye mkeka kabla ya kula, na mama yako Mashavu alikuwa akikutania, "Kula ugali, Kanali, hapa hakuna gwaride." Ulicheka, ukamaliza kuhesabu, ndipo ukanawa. Ulimwamkia shikamoo hata aliyekuzidi mwaka mmoja. Barua za baba yako, aliyejifunza kuandika ukubwani katika darasa la jioni kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe, ulizitunza zote, na zile za mwanzo zilikuwa hazisomeki.

Likizo yako ya mwisho ulimkuta dada yako Mwatumu ameanika makopa ya mihogo juu ya jabali, pale ukingoni ambapo mwamba unakatika ghafla hadi bondeni. Uliona ufa mwembamba kama uzi. Ukachukua rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka madirisha, ukachora mstari mmoja kuukata ufa huo, ukasema siku mstari ukiachana asipande mtu pale, hata kuku. Mwatumu akauliza kama kuku nao wanahesabiwa. Ukamjibu kwamba wao ndio wa kwanza.

Ulipopotea, baba yako alitaka mnara. Mwatumu alimwomba aujenge uani. Alikataa. Alitaka uonekane kutoka barabara ya Mkata kwenda Handeni, abiria waulize ni wa nani. Kutoka pale juu bahari haionekani. Inaonekana barabara tu. Saruji ilipandishwa kichwani, msingi ukamwagwa juu ya ufa, mstari wako ukafunikwa. Baba yako alikuwepo. Aliuona ukifunikwa.

Mvua za vuli zilipokatika, chini ya mnara pakaanza kusikika mluzi, hata siku ambazo jani halitikisiki. Mbuzi wakaacha kupita upande ule. Mama yako, ambaye hupanda kila Alhamisi kukusomea Yasini, alisema anasikia kokoto zikidondoka chini yake: moja, kimya kirefu, halafu nyingine. Baba yako alimwambia ni tumbili.

Mwezi uliopita saruji ilipasuka katikati ya jina lako. Pembe moja ikamomonyoka na mstari ukatokea. Nusu yake iko huku, nusu imeshuka pamoja na upande wa ng'ambo, na katikati mkono wa mtu unaingia hadi kiwiko. Hewa ya mle ndani ni ya baridi.

Wakati huo kambini walikuwa wameshaandika kwamba siku ya kumbukumbu watakuja askari sitini, wapige gwaride juu ya jabali. Baba yako aliibeba barua hiyo mfukoni na kuwasomea watu gulioni Mkata. Maishani mwake hajawahi kungoja heshima kubwa kama hiyo. Alipouona mstari, siku tisa hakumsomea mtu barua hiyo.

Siku ya kumi ilikuwa Alhamisi. Mwatumu alipanda akamkuta amepiga magoti mbele ya mstari, na mama yako yuko ng'ambo ya ufa, ameegemea mnara, anasoma.

"Baba," Mwatumu alimwambia, "kaka alisema hata kuku."

Baba yako aliinuka. Alimnyooshea mama yako mkono. "Njoo huku, Mama Muhidini. Mimi nilijua tangu siku ya saruji."

Mama yako alivuka. Walipokuwa wakishuka jabali liliguna nyuma yao, mara moja, kama ng'ombe anayetaka kuinuka.

Tumeziba njia kwa miiba. Mnara bado umesimama, lakini umeinama, na kila asubuhi tunautazama kutoka uani kabla ya kusalimiana. Hitima itasomwa nyumbani. Anayesoma tangazo hili tunamwomba asipande.

Wanaokukumbuka ni baba yako Awadhi, mama yako Mashavu, mkeo Yusra aliyekaa eda bila kaburi la kuzuru, dada yako Mwatumu, na Sajenti Deogratius. Siku zote tutakuhesabu nasi mkekani.

Tulipowaarifu kambini kwamba gwaride lisifanyike jabalini, walitaka maandishi, simu haikutosha. Baba yako akaandika kwa mkono wake: "Msipande juu. Kosa ni langu. Njooni uani, tuwahesabu wote sitini." Alilamba gundi, akaikandamiza bahasha kwa ngumi, akampa konda wa basi la asubuhi pale Mkata, na hakuondoka mpaka basi lilipopotea machoni.