Puli ya Kiwanda cha Pamba

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Nyamuswa tuko wazima, na ng'ombe wa babu yako amezaa. Ila barua yako imenikasirisha. Ati bosi wako anasema umebadili sehemu ya dawa tu kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali, kwa hiyo ujaribu hiyo hiyo basi?

Enzi zile za kukosa hata sabuni, nilikuwaga kibarua kiwanda cha pamba, Bunda. Puli, lile gurudumu la mkanda, ya mashine ya kuchambua ikavunjika. Vipuri hakuna, meneja akafunga puli ndogo ya kuokoteza. Mashine ikazunguka kwa kasi ya ajabu, wakapiga makofi. Hakuna aliyefuata pamba inakokwenda! Kule mbele, kwenye kufunga marobota, ikaja nyingi kuliko tulivyozoea, bomba la kupitishia pamba likaziba, likashika moto. Dada yangu Wegesa alikuwa pale.

Huna haja ya kujaribu kila kitu. Fuata ulichogusa kinapeleka wapi, na huko kunapeleka wapi, ujaribu huko.

Meneja alikuja msibani akasema mashine ya marobota hakuigusa. Alisema kweli, na mpaka leo mkono unaniwasha kumzaba kofi.

Bibi yako