Tundu Namba Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Cheti cha tatu cha kompyuta kimefika. Mama kakipigilia ukutani sebuleni, chini ya saa, pembeni ya vile viwili vya kwanza. Akarudi nyuma kukiangalia, akakinyoosha, akarudi nyuma tena. Nilidhani nitafurahi. Nilikunywa chai, nikalala mchana.

Alhamisi, 6 Machi
Majibu mawili ya maombi ya kazi kwa mpigo. Wote wanasifu vyeti, wote wanataka uzoefu wa miaka miwili. Niutoe wapi, kama kila mtu anataka nije nao? Shemeji, mume wa dada, kaleta simu yake imeganda. Nikaizima, nikaiwasha. Kasema, si unaona, huo ndio uzoefu wenyewe. Mama kacheka. Mimi nimecheka baada yake, kwa heshima.

Jumatano, 12 Machi
Nimeitwa intavyuu. Bohari ya dawa, ile inayosambaza kwa zahanati zote za upande huu. Fundi msaidizi wa kompyuta na mtandao. Mama anapiga pasi blauzi ambayo nimeshaipiga.

Ijumaa, 14 Machi
Meza ndefu, watu watatu: meneja, mfamasia mkuu, na mama wa utumishi mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Kiti changu mguu mmoja umelegea. Maswali ya mtandao niliyajibu yote, mengine kabla hayajaisha. Ndipo meneja akafunga faili, akataka niwaambie siku niliyoharibu kitu kazini, na nilifanyaje baada ya hapo.
Nikasema sijawahi kufanya kazi.
Basi hujawahi kuharibu, akasema.
Mfamasia akatabasamu kidogo. Mama wa utumishi akaandika maneno mengi mno kwa jibu fupi vile.
Njiani nilingoja aibu inipate. Haikuja.

Jumanne, 18 Machi
Nimepata! Mwezi mmoja wa majaribio, halafu wataamua. Mama kampigia dada, kampigia mama mdogo, kampigia na mtu ambaye mimi simjui. Hiyo alama ya mshangao nimeiweka kwa sababu siku yenyewe inastahili. Ndani kumepoa tu.

Jumatatu, 24 Machi
Siku ya kwanza. Ofisi yetu ilikuwa stoo, bado inanuka makaratasi. Tuko wawili. Mwenzangu wanamwita Mzee wa Nyaya, kabakiza miezi minane astaafu. Nyaya za jengo zima anazo kichwani — hakuna mchoro, hakuna lebo, hakuna orodha.
Akaunti yangu inasubiri saini ya meneja. Mzee kachana kipande cha boksi, kaniandikia jina lake la kuingilia na paswedi.
"Tumia yangu, mwanangu, mpaka wakusajili. Tutakaa tunatazamana mpaka lini?"
Kitabu cha cheti cha pili kinakataza jambo hilo kwa herufi nzito. Nimeingia.

Alhamisi, 27 Machi
Printa ya mapokezi. Kipanya cha mhasibu. Printa ya mapokezi tena. Dada wa mapokezi ameshanibatiza: "Vyeti, karatasi imekwama huku." Sasa hata mlinzi ananiita Vyeti. Akaunti bado. Mama akiuliza nimefanya nini leo, nasema mtandao. Anaridhika.

Ijumaa, 4 Aprili
Mzee kashinda ghorofani anavuta waya mpya. Mimi chini, peke yangu, na printa leo imekaa vizuri. Nikaona nifanye kitu cha maana.
Nilifungua swichi, kile kisanduku chenye matundu arobaini na nane ambako nyaya zote za jengo zinaishia. Kwenye mtihani waliuliza: tundu lisilotumika ulifanyeje? Jibu: lifunge, asije mtu akachomeka chake. Nilipata. Basi nikatafuta matundu ambayo hayajapitisha kitu siku thelathini. Kumi na moja. Kumi hayana hata waya. Namba thelathini na moja ina waya, na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, imetulia, haipepesi kama nyingine. Niliitazama kidogo.
Nikayafunga yote. Taa ikazimika.
Nilijisikia kitu. Si furaha hasa. Kama mtu aliyemaliza kufagia. Mzee alikuwa bado juu nilipotoka. Nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu, 7 Aprili
Sikumwambia. Nilikuta watu wamejaa mlangoni kwa chumba cha baridi. Mashine yake ilikufa Jumamosi. Insulini yote, chanjo zote, zimekaa kwenye joto siku mbili.
Kuna kisanduku cha kengele mle ndani. Joto likipanda kinatuma ujumbe kwenye simu ya mfamasia. Mwaka mzima hakijatuma chochote, maana joto halikupanda. Ndiyo kazi yake, kunyamaza mpaka siku hiyo. Waya wake unaishia namba thelathini na moja.
Mfamasia mkuu alikuwa anapanga maboksi ya kuteketeza, anataja zahanati moja moja zitakazokosa. Hakupaza sauti. Heri angepaza.
Mzee alikuja ofisini, akakaa, akalifungua tundu. Taa ikawaka. Akanigeukia.
"Pale ungeniuliza, mwanangu."
Ni hayo tu. Nikaenda kutengeneza printa ya mapokezi. Simu ya pale haikunyamaza: zahanati moja ina mgonjwa aliyebakiza dozi ya siku mbili, wanauliza gari linafika lini. Dada wa mapokezi akawaambia tunashughulikia. Kisha akaniuliza mimi, eti Vyeti, kengele inashindwaje kulia? Nikamwambia atoe trei ya karatasi.

Jumanne, 8 Aprili
Meneja kachapisha kumbukumbu za swichi. Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, matundu kumi na moja yamefungwa. Aliyefunga: Mzee. Kila nilichogusa tangu siku ya kwanza kimeandikwa kwa jina lake. Mimi humo simo.
Meneja kamuuliza mbele yangu. Mzee akavua miwani, akaifuta, akasema labda alikosea namba, macho siku hizi. Meneja akaamini. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.
Tulipobaki wawili alinong'ona. Nikisema ni mimi, wataniuliza niliingiaje, tutaondoka wote. Yeye ameshafika, mimi ndio naanza. Ninyamaze.
Mchana mama wa utumishi kanikabidhi karatasi. Akaunti yangu imesainiwa.
Nyumbani mama alikuwa anafuta vumbi kwenye vyeti. Nikamwomba aviache. Kaniuliza kuna nini. Nikasema mtandao.

Jumatano, 9 Aprili
Chumba kile kile cha intavyuu, meza ile ile. Wametoka kidogo ili niandike maelezo yangu kwa nafasi. Nimeanza na daftari hili, sijui kwa nini.
Mfamasia kasema yule mgonjwa amepatiwa dawa kutoka mbali, jana jioni. Wengine bado. Kasema huku anatazama dirishani. Meneja anataka leo amalize suala la Mzee: aondoke mwisho wa wiki, bila kuagwa. Mimi ni shahidi tu, kasema, niandike nilichoona Ijumaa. Akaongeza kuwa majaribio yangu yanakwenda vizuri.
Lile swali la siku ya intavyuu, sasa nina jibu lake.
Mlango una kioo. Mzee yuko kwenye benchi la nje na boksi lake la vifaa mapajani, amelikumbatia kama mtu anayesubiri gari. Ameniona namtazama. Anatikisa kichwa: usiandike.
Kwenye fomu nimeandika tarehe na jina langu kamili. Chini yake, "Ijumaa nilikuwa". Nimeishia hapo.
Nasikia viatu vya meneja. Kiti hiki tangu asubuhi kinatikisika, hawajakitengeneza tu. Nimeinama kuangalia. Kimeshatengenezwa, kina misumari mipya. Ni mimi ninayetetemeka.