Shangazi, Tulikaza Nati Gari Likiwa Juu

Shangazi mpendwa,

Nimejua! Nimejua kwa nini gari lako lilikuwa likimaliza bushi kila baada ya miezi michache, na nimeshindwa kukaa na habari hii peke yangu. Nimemwambia kila mtu anayekubali kusimama: mama wa mboga, wenzangu dukani, hata pasta baada ya ibada, naye maskini akaniitikia "amina". Lakini niliyetaka kumwambia hasa ni wewe, na wewe tulikuzika Kivaa miaka miwili iliyopita, kando ya kaburi la nyanya. Kwa hiyo naandika.

Unakumbuka siku ulipolileta nyumbani? Mwalimu wa kemia, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, unaingia uani na gari la spoti la viti viwili, jekundu, liko chini kiasi kwamba jogoo wako alilitazama macho kwa macho. Ulikuwa umelinunua kwa mhadhiri mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Baba yangu, kaka yako, alilizunguka mara mbili mikono ikiwa nyuma, kisha akauliza, "Na mahindi utabeba wapi?"

"Mahindi itatafuta gari yake," ukamjibu. "Hii ni yangu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa nimehamia kwako mwaka huo, baada ya kupata kazi ya karani katika duka la vifaa vya ujenzi hapo Machakos mjini, na sikuwahi kumwona mtu akimjibu baba yangu hivyo akabaki amesimama wima.

Kila mwisho wa mwezi tulikwenda Kivaa kumwona nyanya. Kwenye lami ilikuwa raha tupu. Ulikuwa ukiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, hata kama hakuna mtu wa sauti ya kwanza. Kithimani ulisimama kununua tikiti maji, nami nikalipakata njia yote, maana buti lilitosha mkoba wako na mwavuli tu. Kisha lami ikaisha, tukaingia barabara ya changarawe, na gari likaanza kuongea. Ko, ko, ko, chini ya miguu yangu. Wimbo ukakatika. Ukakaza mikono kwenye usukani, ukaendesha polepole mpaka punda wa maji wakatupita.

Tukirudi, ulimwita Mutiso, fundi wetu, aliyejifunzia kazi kwenye pikapu na matrekta. Alipanga mawe na magogo uani, akaliinua gari kwa jeki, akatoa magurudumu, akatambaa chini. Kila mara alitoka na jibu lile lile: bushi zimeisha. Zile pete za mpira zinazokaa kati ya chuma na chuma, mahali mikono inayoshika magurudumu inapojifunga kwenye mwili wa gari. Tulinunua mpya, Mutiso akazipachika, na kazi ya kukaza nati ilikuwa yangu, kwa sababu mikono yangu ni myembamba na inapita.

Na hapo ndipo ulipokuwa ukisimama wewe, miwani puani, kama uko maabara. "Hakuna gari kushuka na nati imelegea," ulisema. Ukainama, ukagusa kila nati kwa kidole, ukanitazama usoni, "Una uhakika?" Nikisita kidogo tu, narudia zote. Ulifundisha miaka thelathini na hukuwahi kumrudishia mzazi mtoto aliyeungua hata ukucha. Gari nalo halikugusa ardhi mpaka kila kitu kimekazwa kabisa.

Miezi michache baadaye, ko, ko, ko.

Ulilaumu barabara. Ukalaumu muuza spea. Ukanunua za bei ghali zaidi, nazo zikaisha vilevile. Mwishowe, siku moja baada ya kanisa, ulilifunika gari kwa turubai, ukafunga kamba pande zote nne, ukaniambia, "Hii gari imenishinda." Sikuwahi kukusikia ukisema kitu kimekushinda. Safari za Kivaa zikapungua, sauti ya pili ikahamia jikoni, na sisi sote tukajifanya hatukuona.

Ulipoumwa ulinishika mkono ukasema, "Ukiiweza, ni yako. Ukishindwa, usiifanye nyumba ya kuku." Nikakubali huku nalia, bila kujua nakubali nini. Baada ya mazishi nililipeleka kwenye gereji moja kubwa, wakaliangalia dakika kumi, wakaniandikia karatasi ya bei, nibadilishe kila kitu kuanzia mikono, shokamzoba mpaka springi, mbele na nyuma. Baba alipoona ile karatasi alicheka bila furaha. "Hiyo ni pesa ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake," alisema. "Kwa gari yenye haiwezi beba hata gunia."

Mwezi uliopita, alipoona miaka miwili imepita nami bado nimeshindwa, akapata mnunuzi, mtu wa kuchambua magari kuuza spea. Jumatatu ya wiki mbili mbele angekuja na gari la kuvuta. Shangazi, nilifikiria taa zako zikikaa rafu moja, milango rafu nyingine, na usukani ulioushika ukiwa ukutani na bei imeandikwa kwa kalamu. Nilimpigia baba magoti. Mimi, mtu mzima! Akaniinua kwa mkono.

"Jumamosi kabla ya huyo mtu kuja, tutaenda Kivaa nayo, mimi nikiwa ndani," alisema. "Iende na irudi bila kelele. Ikilia hata mara moja, Jumatatu inaenda."

Nilianza siku hiyo hiyo. Sikuwa na pesa ya kubadilisha kila kitu, kwa hiyo ilinibidi nijue ni kitu gani hasa kimekufa. Mutiso aliliinua gari, nikaingia chini na mtaimbo, nikasukuma kiungo kimoja kimoja nikitazama kinachocheza. Shokamzoba zilikuwa kavu, hazivuji tone la mafuta. Springi nzima. Vilivyokufa ni bushi tu, na vifimbo viwili vya mbele vinavyozuia gari kuyumba kwenye kona, ambavyo bei yake ni ya mchezo. Vitu vyote vilivyoandikwa kwenye ile karatasi, na ugonjwa ulikuwa kwenye mpira!

Gereji walitaka ninunue mikono mizima kwa sababu bushi huja zikiwa zimeshindiliwa ndani. Nikabeba mikono ile ya zamani begani hadi kwa fundi wa leth, ile mashine ya kuchonga vyuma, pale jua kali, akatoa bushi kuukuu na kushindilia mpya huku tukipiga gumzo. Nilirudi nyumbani nikirukaruka.

Lakini zile kuukuu sikuzitupa. Nilizipanga kwenye ngazi ya jikoni, nikaziangalia. Zote zilikuwa zimechanika upande mmoja, zimepindika kama nguo iliyokamuliwa. Barabara mbovu ingezichana ovyo, huku na kule. Hizi zilikuwa zimekamuliwa na mtu.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia, tukibishana mezani kuhusu chochote, "Acha kelele, weka alama upime." Ndani ya kabati lako boksi la chaki bado liko. Mutiso aliporudisha mikono garini, nikachora mstari mmoja mweupe unaopita juu ya chuma cha ndani cha bushi, kile kinachobanwa na nati, hadi kwenye mkono. Nikakaza nati kama tulivyozoea, gari likiwa juu na gurudumu linaning'inia. Nikamwambia Mutiso ashushe. Kisha nikalala kifudifudi, shavu kwenye vumbi, nikamulika kwa simu.

Mstari ulikuwa umekatika vipande viwili!

Unaelewa, Shangazi? Najua umeshaelewa, umeshasimama. Nati ikikazwa, chuma cha ndani hakizunguki tena. Gari likishuka, mkono unapanda, na mpira unabaki umepindwa. Unabaki hivyo mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa, hata likiwa chini ya turubai. Likifika kwenye mashimo ya kwanza, unachanika. Barabara haikuwa na kosa, wala muuza spea. Ilitakiwa nati ziachwe zimelegea kidogo, gari lisimame kwa magurudumu yake na uzito wake, ndipo zikazwe. Yaani ule uangalifu wako wote ndio uliokuwa ukiziua, na mikono iliyozikaza ni yangu.

Mutiso alivua kofia. "Ngai!" alisema. "Sasa nimekaza gari ngapi hivi?"

Nilicheka sana, kisha nikakaa kwenye gogo nikalia. Ungeweza kuwa umeendesha miaka yote ile. Nilikuonea uchungu, na nilijionea uchungu, na nilitamani ungekuwepo niweze kukuambia usoni kwamba umekosea, uone jinsi ninavyofurahi.

Ikabaki shida moja. Gari lenyewe likisimama kwa magurudumu, hata paka hapiti chini. Na lilihitaji uzito wa watu ndani, maana halitembei tupu. Nikawapigia simu mama zako wa mwethya, kikundi chenu cha kusaidiana kazi, wale mliochimba nao matuta ya shamba zamu kwa zamu miaka yote ile. Walifika Alhamisi asubuhi, saba kwa hesabu, na majembe, kwa sababu mwethya ni mwethya. Walibeba mbao kutoka kwa kila boma, tukazipanga chini ya kila gurudumu, ngazi kwa ngazi, na mawe mbele na nyuma, mpaka gari likasimama juu, kwa miguu yake mwenyewe. Mama Ndinda, mwenyekiti wao, akaja kwangu na jembe begani.

"Sasa tuchimbe wapi?"

"Hakuna kuchimba, Mama. Wewe na Mama Kanini mtaingia kwa gari mkae."

"Tukae tu?"

"Mkae tu."

"Aiya! Mwethya ya kukaa sijawahi ona." Lakini aliingia, akatoa soksi aliyokuwa anafuma, na Mama Kanini akaingia upande wa pili na kikapu chake cha pojo. Wengine walisimama wakipiga vigelegele kama mnapofunga tuta la mwisho. Nami nikiwa chini yao nikakaza nati zako zote, moja baada ya nyingine, mistari ya chaki ikiwa imenyooka kabisa. Nilikuwa na grisi mpaka kwenye masikio. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jumamosi baba aliingia garini kwa shida, goti moja kwanza, kisha lingine, kofia ikagonga paa. Tulipita Kithimani bila kusimama kwa sababu niliogopa nikisimama nitarudi. Lami ilipoisha nilishika usukani kama ulivyokuwa ukiushika wewe. Shimo la kwanza likaja. Tukaingia, tukatoka.

Kimya.

La pili, kimya. Nilisikia changarawe ikigonga chini, nikasikia pumzi ya baba, na sikusikia kitu kingine. Nikaanza kuimba, sauti ya kwanza, vibaya sana. Baba akageuka kutazama dirishani, lakini niliona bega lake likitingishika. Kaburini alisimama muda mrefu akipangusa vumbi kwenye jina lako kwa kofia yake. Kisha akarudi garini kabla yangu.

Tukiwa njiani kurudi, kwenye ile sehemu mbaya kabisa ambapo punda walizoea kutupita, baba yangu, ambaye maisha yake yote amewaambia madereva wapunguze, alinyoosha kidole mbele.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza, Shangazi! Tuliruka, tukatua, tukacheka, vumbi likajaa mdomoni. Tulikuwa tumefika lami simu yake ilipolia. Akanionyesha kwa mkono nisimame kando. Ni yule mnunuzi, alitaka kujua Jumatatu alete gari la kuvuta saa ngapi. Baba alikohoa vumbi, akakaa sawa kwenye kile kiti kidogo, magoti karibu na kidevu.

"Usikuje," alimwambia. "Hiyo gari haiuzwi. Dada yangu bado anaitumia."

Akakata simu. Niliwasha gari tukaja nyumbani.

Wasalimie nyanya na wote mlio nao huko. Mwisho wa mwezi tutakuja tena, baba ameshajichagulia kiti.

Ni mimi, binti wa kaka yako.